Binti anataka udaktari, mjomba anataka ualimu: mama afanye nini kabla ya Julai?

"Binti yangu yuko kidato cha sita, anasoma PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, katika shule ya bweni Tabora. Mtihani ni Mei. Mimi niko Kigoma, nauza dagaa na migebuka mwaloni Kibirizi. Baba yake alifariki yeye akiwa darasa la tano, na mimi mwenyewe niliishia la saba. Anasema anataka udaktari na si kitu kingine. Mjomba wake, ambaye ndiye msomi wa ukoo, anasema asome ualimu kwa sababu walimu wanapewa mkopo, na udaktari ni wa watoto wa wakubwa. Kwenye moko, ule mtihani wa majaribio, amepata D tatu. Wengine wananiambia hiyo ni divisheni two, nisiwe na wasiwasi. Wengine wanasema udaktari asahau. Nasikia pia ataitwa Jeshi la Kujenga Taifa, JKT. Hata hayo maombi ya chuo sijui yanafanyikaje. Nifanye nini nisije nikamharibia mwanangu?"

Mama, pole na hongera. Umeuliza D tatu zina maana gani, kozi achague nani, na pesa itoke wapi. Lakini nyuma ya hayo naona jambo linalokuumiza zaidi: unadhani kwa kuwa uliishia la saba, huna la kumsaidia. Hapo ndipo penye kosa. Kati ya Mei na Oktoba kuna kazi ambazo mwalimu hatazifanya, mjomba hatazifanya, na binti mwenyewe huenda asiwepo kuzifanya kwa sababu atakuwa kambini. Kazi hizo ni vyeti, laini ya simu, na ukweli kuhusu pesa ya nyumbani. Haziulizi elimu. Zinataka mtu makini anayetunza vitu na kufuata tarehe, na anayeuza dagaa kwa hesabu kila siku anaiweza kazi hiyo.

Tuanze na D tatu, maana wote wanaokushauri wanasema nusu ya ukweli. Matokeo ya kidato cha sita huhesabiwa kwa njia mbili zinazokwenda kinyume. Baraza la Mitihani linatoa A pointi 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6 na F 7, kisha linajumlisha masomo matatu ya tahasusi, kama hiyo PCB. Pointi zikiwa chache ndiyo bora: 3 hadi 9 ni divisheni I, 10 hadi 12 ni II, 13 hadi 17 ni III. D tatu ni 4 mara 3, yaani 12. Kweli ni divisheni II, ila ndipo mwisho wake kabisa. Angeteleza somo moja tu kwenda E angekuwa III.

Vyuo vikuu, kwa mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, havitazami divisheni. Vinahesabu upya: A pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na S nusu pointi. Hapa pointi zikiwa nyingi ndiyo bora. D tatu zinakuwa 6. Sharti la jumla la kuingia shahada ya kwanza ni kufaulu kwa kiwango cha E au zaidi masomo mawili yanayotakiwa na kozi husika, na mawili hayo yafikishe pointi 4. Binti yako akirudia matokeo hayo Mei, chuo kikuu kwa ujumla kipo. Kwa udaktari wa binadamu wanataka masomo yote matatu, Fizikia, Kemia na Baiolojia, yafikishe pointi zisizopungua 6. Kwa hiyo ameugusa mstari, hajauvuka. Tena kozi hiyo ina masharti ya daraja kwa kila somo, kwa hiyo si kila 6 inafanana na nyingine: mwenye C, D na E anapata 6 pia, lakini E hiyo ikiangukia Kemia mambo ni tofauti kabisa na ikiangukia Fizikia. Masharti haya huandikwa kozi kwa kozi na chuo kwa chuo kwenye mwongozo wa udahili ambao TCU huutoa kila mwaka kwenye tovuti yake. Usikubali mtu akusomee wa mwaka juzi.

Kuna jambo linaloumiza wazazi wengi kila Julai. Sifa ya chini inamruhusu mtoto kupanga foleni tu. Chuo kina nafasi zenye idadi maalumu, waombaji wenye sifa wanapangwa kuanzia mwenye pointi nyingi, na nafasi zikiisha zimeisha. Udaktari ni miongoni mwa foleni ndefu kuliko zote nchini. Mwenye 6 anaomba pamoja na wenye 11, 12, hata 15. Kwa hiyo anayekuambia "udaktari asahau" amezidisha, na anayekuambia "usiwe na wasiwasi" amekudanganya bila kukusudia.

Lakini moko si Mei. Siku ya kutembelea shule, au ukipiga simu, muulize mwalimu wa taaluma alama zenyewe, usiishie kwenye herufi. D inaanzia 50 hadi 59, C inaanzia 60. D ya 58 na D ya 50 zimeandikwa herufi moja, ila ya kwanza inahitaji alama 2 tu kupanda na ya pili inahitaji 10. Akiwa na Kemia 58, Baiolojia 57 na Fizikia 51, nguvu ya miezi iliyobaki inajulikana iende wapi: C mbili na D moja ni pointi 8, na hapo hadithi inaanza kubadilika. Uliza pia swali la pili: alama zinapotea kwenye karatasi ipi? Masomo ya sayansi yana karatasi ya vitendo, na mara nyingi mtoto anajua nadharia lakini anapoteza maabara, au kinyume chake. Hilo mwalimu wake anaweza kulifanyia kazi.

Na jihadharini na mtego wa S. Mtoto anaweza kupata C moja na S mbili, Baraza likampa pointi 15, divisheni III, nyumbani mkachinja kuku. Chuo kikuu kwake hakipo mwaka huo, kwa sababu ana somo moja tu la E au zaidi. Wazazi huanza kutafuta mchawi wa "waliomnyima nafasi" kumbe hesabu ndiyo ilivyo.

Sasa, nani achague? Atakayesoma ndiye achague, ninyi wakubwa mhakikishe anachagua akiwa na taarifa zote. Mtoto aliyesukumwa kwenye kozi asiyoitaka anafika mwaka wa pili anabeba masomo ya kurudia, na hapo mkopo wenyewe unaweza kuyumba. Ila kusema "achague yeye" hakumaanishi achague kimoja tu na kufumba macho. Mfumo wa maombi wenyewe unaruhusu kuweka kozi kadhaa kwa mpangilio katika chuo kimoja, na kuomba vyuo zaidi ya kimoja. Akijaza udaktari kila mahali kwa pointi 6 au 7, ametupa nafasi zote kwenye foleni ileile ndefu. Inayofaa ni kupanga ngazi: moja ya ndoto, mbili ambazo pointi zake zinashindana vizuri, na moja ambayo karibu ataipata.

PCB inafungua milango mingi kuliko watoto wenyewe wanavyodhani. Kuna famasia, uuguzi, sayansi ya maabara ya tiba na afya ya mazingira; kuna udaktari wa mifugo, lishe, na sayansi ya chakula pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Kuna sayansi ya viumbe wa majini na uvuvi, na wewe unayekaa Kibirizi unaona kwa macho kwamba Ziwa Tanganyika lina kazi ya kisomi: taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, ina kituo Kigoma, na wakala wa mafunzo ya uvuvi, FETA, ana chuo hapohapo Kibirizi. Sisemi apelekwe huko kwa sababu mama anauza dagaa. Nasema ayajue kabla hajafunga orodha.

Kwa mtoto ambaye moyo wake uko kwenye tiba kwelikweli, kuna njia ndefu inayofika: stashahada ya tabibu, miaka 3, kupitia vyuo vilivyosajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi. Akihitimu kwa wastani wa GPA 3.0 au zaidi na akawa na ufaulu unaotakiwa wa kidato cha nne, anaweza kuomba shahada ya udaktari. Kwa njia ya moja kwa moja udaktari ni miaka 5 darasani na hospitalini, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Kwa njia hii ongeza ile mitatu. Ni muda mrefu, lakini katikati yake ana cheti cha kazi mkononi.

Ualimu wa mjomba nao si wa kudharau. Shahada ya sayansi na ualimu ni kozi ya heshima, na masomo ya sayansi yana uhaba wa walimu. Isipokuwa asipelekwe huko kama mahali pa kutupia walioshindwa. Akiuchagua, auchague kwa sababu anapenda kufundisha.

Halafu wakati wa kuzungumza. Kati ya sasa na Mei usimpigie simu kila Jumapili kuuliza "umeamua nini?" Kichwa cha mtu anayejiandaa na mtihani hakibebi mashauri ya ukoo. Mwambie mara moja tu, kwa sauti tulivu: "Soma mwanangu, mimi na mjomba wako hatugombani, ya kozi tutakaa sote ukimaliza." Kisha kweli msigombane. Baada ya karatasi ya mwisho, mkeke uwekwe, mwongozo wa TCU uwepo, mjomba aje, na yeye ndiye aanze kusema. Muulize: kazi hiyo siku nzima inafanana na nini? Ukikosa mwaka huu, utachukua kipi bila kulia? Mjomba apewe kazi ya kuusoma mwongozo pamoja naye, ukurasa kwa ukurasa. Msomi wa ukoo akipewa kazi inayomstahili, ubishi hupungua.

Tuje kwenye mkopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, na kiini chake ni uhitaji. Vipaumbele vya kozi vimekuwa vikibadilika mwaka hadi mwaka, na ndipo mjomba alipopata hilo la walimu. Lakini Bodi hupima kwanza kama mwombaji anaweza kujilipia: kazi ya mzazi, yatima au la, ulemavu, shule alizosoma kama zilikuwa za kulipia ada kubwa, kaya kunufaika na TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Binti aliyefiwa na baba, mama akiwa mchuuzi, ana hoja nzito, kwenye udaktari na kwenye ualimu vilevile. Hoja hiyo lakini haijitetei. Inatetewa na karatasi. Na upate ukweli wote: mkopo unaweza kuja nusu, ukalipa chakula na malazi ukaacha sehemu ya ada. Ada ya kozi nyingi katika vyuo vya umma iko kati ya milioni 1 na milioni 1 na nusu kwa mwaka. Udaktari katika vyuo binafsi unaweza kupita milioni 4, na hapo mkopo ukija pungufu pengo linakuwa kubwa kuliko mtaji wako wote. Mwambie hilo waziwazi kabla hajaomba. Mkopo ni deni pia: akianza kuajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi liishe.

Karatasi zenyewe, anza mwezi huu. Cheti chake cha kuzaliwa, ambacho RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, inakihakiki kwa mtandao na kutoa namba ya uhakiki. Cheti cha kifo cha baba. Hapa akina mama wengi hukwama: kibali cha mazishi si cheti cha kifo, wala barua ya mtendaji si cheti cha kifo. Kama ulibaki na kibali tu, kipeleke kwa msajili wa wilaya, ambaye kwa kawaida yupo kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya, uombe cheti kamili, kisha nacho kihakikiwe. Linganisha majina herufi kwa herufi. Mfano, kwenye cheti cha kuzaliwa jina la baba ni Hamisi, kwenye cheti cha kidato cha nne ni Hamis. I moja hiyo inaweza kusimamisha ombi wiki mbili. Ukiona tofauti, nenda kwa wakili akuelekeze kama inatosha hati ya kiapo au inahitajika hati ya kubadili jina. Kama ametimiza miaka 18, namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ianze kufuatiliwa sasa, kwani mikoa ya mpakani kama wetu uhakiki wa uraia huongeza muda. Wewe pia kitambulisho chako kiwe tayari, maana huenda ukawa mdhamini. Fomu ya mkopo ina kurasa za kusainiwa na mdhamini, serikali ya mtaa na wakili au hakimu, kisha zinapakiwa tena mtandaoni. Kurasa hizo zikirudi bila muhuri, ombi halijakamilika hata kama pesa umelipa.

JKT ndiyo inayogeuza yote haya kuwa kazi yako. Wahitimu wanaoitwa kwa mujibu wa sheria huripoti kambini karibu na Juni na kukaa takriban miezi 3. Anaweza kupangwa Msange hapo Tabora, Bulombora au Mtabila huku Kigoma, au mkoa wa mbali kabisa. Matokeo hutoka Julai, dirisha la kwanza la maombi ya vyuo hufunguliwa kufuatia matokeo, dirisha la mkopo linakwenda sambamba, na kambini simu hazishikwi wakati wowote unapotaka. Kwa hiyo kabla hajaondoka, kaa naye siku nzima moja. Aandike kwenye daftari kwa mkono wake: namba ya mtihani ya kidato cha nne na mwaka, ya kidato cha sita, barua pepe na nywila yake, na orodha ya kozi kwa mpangilio. Asaini kurasa zinazohitaji saini yake kama fomu imeshafunguliwa. Picha ndogo za pasipoti, nakala za vyeti vyote, na akaunti ya benki kwa jina lake mwenyewe. Namba ya kidato cha nne anayotumia kuombea chuo iwe ileile ya kuombea mkopo, la sivyo mifumo miwili haitamwona kuwa mtu mmoja.

Laini ya simu itakayoandikwa kwenye maombi iwe inayobaki kwako, iliyosajiliwa vizuri, isiyozimwa. Nakaza hapa kwa sababu akichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, anatumiwa ujumbe wenye namba ya siri ya kuthibitisha chuo kimoja. Ujumbe huo ukienda kwenye simu ya kijana wa steshenari, au laini iliyotupwa, muda wa kuthibitisha unapita na nafasi inaweza kupotea. Vijana wa steshenari wanasaidia sana na wengi ni waaminifu, ila wakijaza fomu wasitumie namba yao wala barua pepe yao. Kaa pembeni ya kiti, soma jina kwenye kioo kabla hajabonyeza kutuma, na uondoke na karatasi iliyochapwa. Anayekuambia ana mtu chuoni wa "kumwekea nafasi" kwa laki mbili, achana naye. Nafasi haiuzwi, kinachouzwa ni hofu yako.

Gharama ya kuomba iandae mapema. Ombi la mkopo ni shilingi 30,000. Vyuo vingi hutoza kama 10,000 kila kimoja, kwa hiyo vyuo vitatu pamoja na mkopo ni 60,000, ongeza za kuchapa na kupakia. Asipochaguliwa awamu ya kwanza, kuna awamu ya pili kwa kozi zenye nafasi zilizobaki, basi baki na akiba ya maombi mengine mawili.

Kisha weka pesa ya mwezi wa kwanza, ambayo watu huisahau kabisa. Mkopo haumsubiri getini. Unaingia baada ya kusajiliwa na taratibu za chuo kukamilika. Nauli kutoka Kigoma, godoro, bima ya afya ya mwanafunzi ambayo kwa muda mrefu imekuwa 50,400, michango ya usajili, na chakula. Kwa 5,000 kwa siku, siku 30 ni 150,000. Ukitenga 10,000 kila wiki kuanzia Februari, kufika mwanzo wa Oktoba unakaribia 350,000. Hiyo ndiyo inayomzuia binti wa miaka 19 kukopa kwa mtu asiyemfaa akiwa mjini peke yake wiki ya pili.

Yapo mambo ambayo maandishi hayatoshi, uende kwa miguu. Jina lisilolingana kwenye vyeti: wakili au ofisi ya msajili wa wilaya. Pointi zikiwa chini ya kiwango cha chuo kikuu: kituo cha Chuo Kikuu Huria, kipo Kigoma na Tabora, kina programu ya awali kwa wenye kuanzia pointi 1.5 katika masomo mawili. Fomu ikigoma kwenye mtandao siku tatu kabla ya dirisha kufungwa: usingoje ya mwisho, mpigieni ofisa udahili wa chuo husika. Na ukisikia kwa matroni kwamba halali usingizi, hali chakula, analia kila usiku, au ametamka maneno ya kujidhuru, funga meza ya dagaa upande usafiri wa kwanza unaoondoka. Mpeleke hospitali ya Kitete pale Tabora aonane na daktari, na ya kozi na mkopo yasubiri.